Fomu Namba Saba

Mimi ndiye ninayelamba bahasha.
Jina langu halimo kwenye muhuri,
lakini ulimi wangu umo katika kila barua
itokayo Bodi ya Leseni za Lishe, ghorofa ya tatu,
hapa Dakota Kaskazini, ambako Januari
theluji hupanda hadi dirishani
ikachungulia mafaili yetu.

Jumanne nilitoa barua mbili.

Ya kwanza kwa Kendrick Moll,
muuza unga wa kijani, dola sitini kopo moja,
aliyemwambia Reinhold Bittner, mkulima wa alizeti
mwenye figo zilizochoka:
"Achana na vidonge. Kunywa huu na ndizi nne
kila asubuhi, na juisi ya mchicha."
Ndizi! Chakula cha mtoto anayeota meno.
Ila figo iliyochoka haiisindikizi potasiamu mlangoni,
huilaza ndani kama mgeni asiyejua kuaga.
Siku ya kumi na moja moyo wa Reinhold
ulipiga pigo moja, ukafikiri,
ukafikiri,
ukapiga la pili yeye yuko chini kando ya trekta.
Alipona. Mkewe alikuja na kopo ofisini,
akaliweka juu ya meza yangu, akaondoka bila neno.
Lilinuka nyasi mpaka jioni.

Ya pili kwa Ottilia Wangler, miaka sabini na mitatu,
mpishi mstaafu wa shule,
ambaye kila Alhamisi, chini ya kanisa,
huwafundisha wenye kisukari
kuhesabu vinyunya katika supu ya krimu:
saba, si kumi na saba.
Kipimo chake ni kikombe kilichokatika mkono.
Kosa lake ni kibao mlangoni:
MTAALAMU WA LISHE. BURE.

Fomu ni ile ile, namba saba.
*Unaamriwa kukoma mara moja.*
Nilibadili jina na anwani tu.
Sheria ni mizani ya ghala: hupima gunia,
haiulizi mtama ulipaliliwa na nani.

Nilimuuliza mwenyekiti, Bi. Haugstad,
aliyesota miaka sita darasani
na saa elfu moja wodini kabla ya kuruhusiwa
kumwambia mgonjwa "punguza chumvi".
"Neno likikosa mlinzi," akasema,
"kila mwenye kopo atalivaa."
Kweli. Kopo nililiona kwa macho yangu.
"Na Ottilia?"
"Afanye mtihani."
Mwenye leseni aliye karibu na kanisa lile
yuko maili mia na arobaini,
na nafasi yake ya kwanza ni Aprili.
Sikubishana.
Anayekula kwa bahasha hagombani na gundi.

Wiki tatu baadaye jibu likaja, kwa penseli:

*Kibao nimekishusha. Alikichonga marehemu mume wangu,
kwa hiyo sikukichoma, nakikatia mkate.
Neno lenu nawarudishia, halina mkwaruzo.
Alhamisi walikuja kumi na wawili.
Nikawaambia, mimi si mtaalamu, mimi si mtu yeyote.
Wakaniuliza, supu imeiva?*

Nimeitia kwenye faili, kama kanuni itakavyo.
Pale penye "Hatua Iliyochukuliwa"
nimepaacha peupe.

Katika droo yangu, chini ya stapla,
ipo karatasi nyingine, ya maabara.
Ina jina langu, na sukari iliyopita kiasi.
Nimempigia mwenye leseni: Aprili kumi na tisa, saa tatu asubuhi.
Nitakwenda. Naliamini neno lile,
nimelilambia gundi miaka minane.

Lakini leo ni Jumatano.
Nimewapigia watu wa barabara kuuliza
kama njia ya kaskazini
imeshakwanguliwa theluji.